Kariakoo: Jina Lake na Watu Wake

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia alitupa kazi ya likizo. Kila mwanafunzi achague mahali anapopajua vizuri, aulize jina la mahali hapo lilitoka wapi, kisha aandike. Wenzangu wengi walichagua makwao: Same, Kilosa, Ukerewe, Mbamba Bay. Mimi ni mzaliwa wa Buguruni, na mahali ninapopajua kuliko pote ni Kariakoo, maana baba yangu hufanya kazi huko tangu kabla sijazaliwa. Nilipoitaja Kariakoo darasani watu walicheka. Mmoja alisema, "Huko si kwa historia, huko ni kwa viatu." Nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kuulizwa zaidi. Sababu hiyo nitaieleza mbele.

Kwa wazazi walio mbali na Dar es Salaam, napenda kwanza kueleza mahali penyewe palivyo. Mtu akitoka upande wa bandari na kuelekea magharibi, hupita mitaa ya zamani ya maduka ya Wahindi, kisha hufika kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja. Ng'ambo ya uwanja huo ndiko Kariakoo. Mgeni hupatambua mara moja kwa kelele, na kwa kuwa hawezi tena kutembea kwa mwendo wake mwenyewe. Hutembea kwa mwendo wa watu walio mbele yake.

Uwanja wa Mnazi Mmoja haukuachwa wazi kwa ajili ya upepo na mpira tu. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa sehemu tatu kwa kufuata aina ya majengo, na kwa kweli kwa kufuata rangi za watu. Pwani walikaa Wazungu, katikati Wahindi na maduka yao, na huku nyuma Waafrika. Waingereza waliuacha uwanja ule uwe mpaka. Mwafrika aliingia mjini mchana kufanya kazi, na jioni alivuka uwanja kurudi kwao. Kwa hiyo Kariakoo ilianza kama makazi. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Biashara ilikuja baadaye na kuzimeza nyumba hizo moja moja.

Kabla ya hapo sehemu kubwa ilikuwa shamba la minazi. Wajerumani, katika miaka ya mwisho ya utawala wao, walipima viwanja na kuchora mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu. Hata leo, ukipotea Kariakoo, umepotea kwa wingi wa watu na bidhaa, si kwa ubovu wa ramani. Wajerumani hao hao walijenga hapo jumba kubwa, lakini hawakupata nafasi ya kulitumia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka 1914, na Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam.

Hapa ndipo jina lilipozaliwa. Jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wachukuzi kilichoitwa Carrier Corps. Baada ya kuuteka mji, waliwaweka wachukuzi katika jumba lile na kandokando yake. Watu wa mji wakalichukua jina la kikosi na kulitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Jambo kama hilo lilitokea Nairobi, na huko wenzetu husema Kariokor. Basi miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki ina soko lenye jina moja, nalo ni jina la watu waliobeba mizigo.

Nilijiuliza kwa nini jeshi lenye bunduki na mizinga lilihitaji watu wa kubeba kwa vichwa. Mwalimu wetu alinieleza kwamba barabara za magari zilikuwa chache, reli zilikuwa mbili tu katika nchi yote, na ng'ombe na punda walikufa upesi kwa kuumwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Kisha akanifanyia hesabu ubaoni ambayo sijaisahau. Tuseme mchukuzi amebeba ratili 50 za mchele, yaani kilo 22 au 23, naye hula ratili mbili kwa siku. Akitembea siku 25, mzigo wote ameula yeye mwenyewe na askari hajapata hata punje. Na ikiwa lazima arudi alikotoka, basi ataumaliza mchele akiwa katikati ya safari. Kwa sababu hiyo, kila askari alipokwenda mbali zaidi na reli, ndipo wachukuzi wengi zaidi walipotakiwa nyuma yake: wa kubeba chakula cha askari, wa kubeba chakula cha wachukuzi, na wa kubeba chakula cha hao wengine. Waliandikwa wachukuzi mamia ya maelfu. Wengi hawakwenda kwa hiari. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu laki moja wa upande wa Waingereza walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wachukuzi wao, ambao hesabu yao haikuwekwa vizuri.

Jambo la pili nililogundua lilinishangaza kuliko jina lenyewe. Katika Kariakoo kuna Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Mahiwa na Mtaa wa Tandamti. Nimepita mitaa hiyo tangu utoto wangu, nami nilidhani ni majina tu, kama vile Sikukuu na Mchikichi yalivyo majina. Katika maktaba ya shule niliona majina hayo matatu yakifuatana katika kitabu kimoja, nayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 kusini mwa nchi yetu. Tandamti ni kilima karibu na Lindi, ambako walipigana mwezi wa Agosti. Narung'ombe ilikuwa mwezi wa Julai, upande wa Kilwa. Mahiwa ilikuwa mwezi wa Oktoba, siku nne mfululizo, nayo huhesabiwa kuwa pigano kubwa kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Siku hizi huko Narung'ombe yetu twapigania bei ya sufuria.

Mitaa mingine ina habari zake. Aggrey ni jina la yule mwalimu mashuhuri kutoka Ghana ya leo, aliyepita Afrika Mashariki mwaka 1924 kuchunguza habari za elimu. Mtaa wa Kleist Sykes zamani uliitwa Kipata. Marehemu Kleist Sykes alikuwa askari wa Wajerumani katika vita vile vile, na baadaye, mwaka 1929, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Waafrika. Chama hicho kilijenga nyumba yake pembeni mwa Kariakoo, katika mtaa ulioitwa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Ndani ya nyumba hiyo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na hiyo ndiyo asili ya Saba Saba. Kichwele nayo ikabadilishwa jina, ikawa Uhuru. Sitaandika mengi juu ya mpira, maana najua gazeti hili husomwa na watu wa pande zote mbili, na mwalimu mlezi wetu ni mmoja wao. Yatosha kusema kwamba Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina jengo lake kwenye mitaa ya Twiga na Jangwani, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupewa jina la Simba mwaka 1971, ina lake Mtaa wa Msimbazi. Mtu aweza kwenda kutoka jengo moja hadi jingine kwa miguu, ikiwa hajavaa jezi.

Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923 katika lile jumba la Wajerumani. Lilitumika karibu miaka hamsini. Baada ya Uhuru mji ulikua, soko likazidiwa, likavunjwa na kujengwa jipya. Mchoraji wa jengo jipya alikuwa Mtanzania, marehemu Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea kazi ya kuchora majumba. Paa alilifanya kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mwavuli umesimama juu ya nguzo yake. Upepo hupita kati ya miavuli, na maji ya mvua huteremka katika nguzo badala ya kumwagikia wauzaji. Chini ya ardhi aliweka sehemu ya kuuzia kwa jumla, na watu wakaiita Shimoni. Mwalimu Nyerere alilifungua jengo hilo mwezi wa Desemba 1975. Nilipokuwa mdogo nilidhani miavuli ile ni uyoga. Nadhani bado mimi sijakosea sana.

Lakini mvuto wa Kariakoo haumo katika jengo moja. Umo mitaani, ambapo kila bidhaa ina kwake. Kanga na vitenge ni Mtaa wa Uhuru. Nguo za tayari ni Mtaa wa Kongo, ambako wamachinga hutandaza bidhaa chini na kuimba bei zake kwa sauti mpaka jioni. Vyuma na vipuri ni Gerezani. Wateja hutoka mikoa yote, na hutoka pia Kongo, Zambia, Malawi na Komoro; wengine hawajui maneno ya Kiswahili zaidi ya kumi, ila yote kumi ni ya kupunguza bei. Kuna vijana waitwao mawinga. Winga hana duka wala bidhaa. Yeye humpokea mteja njiani, humpeleka dukani kwa mtu, na hupata chake katika tofauti ya bei. Kuna mama lishe wenye sufuria zao vichochoroni, na wazee wa kahawa wenye birika na vikombe vinavyogongana, ambao mlio wao waweza kuusikia hata katikati ya kelele zote hizo.

Na kuna wachukuzi. Hapa sasa nafika kwenye ile sababu yangu.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza tulipewa fomu ya kujaza. Palikuwa na mahali pa kuandika kazi ya mzazi, nami niliandika "mfanyabiashara". Baba yangu si mfanyabiashara. Baba yangu huvuta mkokoteni Kariakoo. Niliandika vile kwa kuwa mwenzangu aliyekaa upande wa kulia aliandika "mhasibu" na wa kushoto akaandika "nesi", na kalamu yangu ilikuwa imekwisha kusimama muda mrefu. Kwa miaka mitatu fomu ile imekaa ofisini, na baba hajui.

Likizo iliyopita, kwa ajili ya kazi ya Historia, nilimwomba baba niende naye. Tuliondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Mkokoteni si wake. Huukodi kwa siku, na kodi hulipwa jioni, siku iwe njema au mbaya. Mzigo wa kwanza ulikuwa viazi, na baada ya hapo ni marobota ya nguo kutoka kwenye lori hadi ghalani, kisha masanduku ya vyombo kutoka ghalani hadi kwenye basi la mteja wa Tunduma. Kazi ya mchukuzi yahitaji akili zaidi ya nilivyodhani. Mzigo ukipangwa mbele sana, wamlemea mvutaji mikononi. Ukipangwa nyuma sana, wamnyanyua kutoka ardhini kama mtoto kwenye pembea. Baba hujua uzito kwa kuusukuma robota kwa goti. Hujua pia ni mtaa gani una mfereji uliobomoka, ni duka gani mwenyewe hulipa papo hapo, na nani husema "njoo kesho". Wenye maduka humwita Mzee Rufiji, kwa sababu ya asili yetu, na humkabidhi bidhaa za mamilioni bila kumwandikia hata kipande cha karatasi.

Mchana tulipumzika kivulini pembeni mwa Mtaa wa Mahiwa, tukila ubwabwa na maharage. Nikamweleza habari za Carrier Corps na jina la mtaa ule. Akaniuliza, "Walibeba nini?" Nikamjibu, mchele, risasi, vyombo vya maofisa. "Kiasi gani?" Nikasema kilo 22 au 23. Baba akacheka, akasema, "Huo mzigo wa mtoto, mwanangu." Kisha akafikiri kidogo, akaniuliza, "Kwa siku ngapi?" Nikamwambia, miezi, wengine zaidi ya mwaka, bila viatu, wakilala porini. Akaacha kucheka. Akasema kwamba kwao Rufiji wazee walikuwa wakisimulia juu ya watu waliochukuliwa katika vita vya Mjerumani, na njaa iliyofuata, lakini majina ya waliochukuliwa hakuambiwa. "Na hapa Kariakoo nimevuta mkokoteni miaka ishirini na mmoja," akasema, "sikujua kuwa mtaa mzima waitwa kwa jina la kazi yangu."

Katikati ya jiji, kwenye njia panda ya Samora na Maktaba, iko sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wachukuzi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi nao wana sanamu yao ya vita vile, na humo mchukuzi amesimama pamoja na askari. Nilipomweleza baba alisema angependa kuiona hiyo ya Nairobi, ajue huyo mchukuzi amebeba nini.

Sitaki msomaji adhani kwamba Kariakoo ni mahali pa furaha tu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua. Jengo la miavuli lilibaki limesimama likiwa jeusi, na wafanyabiashara waliokuwa ndani walipoteza mali yao kwa usiku mmoja. Wengi walihamishiwa masoko mengine. Kwa baba maana yake ilikuwa kwamba Shimoni hapana mzigo, na kwa miezi mingi alirudi nyumbani mapema, jambo ambalo sisi watoto tulilifurahia kwa kutojua maana yake. Baadaye Serikali ilitoa fedha ili jengo likarabatiwe na jingine jipya lijengwe kando yake.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Asubuhi, ghorofa moja karibu na makutano ya Mtaa wa Mchikichi na Mtaa wa Kongo ilianguka watu wakiwa ndani wakiuza na kununua. Walikufa watu zaidi ya 20, na wengine waliokolewa baada ya siku nzima chini ya kifusi. Baba alikuwa mitaa miwili kutoka hapo na mzigo wa vitambaa. Asema alisikia kishindo, kisha vumbi likaja mtaani kama ukungu, na watu wote wakanyamaza. Katika miaka yake yote Kariakoo hakuwahi kusikia kimya kama kile. Wachukuzi waliacha mizigo ya watu njiani wakakimbilia kifusi kwa mikono mitupu, kabla vyombo vya kuokolea havijafika, na mizigo ile hapana aliyeigusa mpaka waliporudi. Mimi nilikuwa shuleni. Habari ilipotufika sikuwa na simu, nami sikuweza kumwomba mwalimu anipigie bila kueleza kwa nini mfanyabiashara aweza kuwa njiani katika mtaa ule saa ile. Nilikaa hivyo hadi Jumapili jioni. Ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wa zamu nikamweleza yote, naye akapiga simu, na baba akapokea.

Nyumba za vyumba sita zimebaki chache sana sasa. Katika Mtaa wa Sikukuu baba alinionyesha moja, mlango wa mbao, baraza ya saruji, na bibi mmoja ameketi juu yake akiuza ubuyu. Kushoto kwake ghorofa saba, kulia kwake ghorofa tisa. Madalali huja kila wiki kumuuliza kama atauza. Huwauzia ubuyu. Mimi siwezi kumlaumu atakayeuza, kwa maana fedha ya kiwanja kimoja hapo yaweza kusomesha ukoo mzima. Lakini naona ingefaa mtu mwenye kamera azipige picha hizo chache, na aandike majina ya wenye nyumba, mapema.

Kwa wenzangu watakaokwenda Kariakoo likizo hii kununua sare na madaftari, nina machache ya kuwaambia. Nendeni asubuhi. Fedha wekeni mfuko wa mbele. Bei ya kwanza isiwatishe, wala ya pili msiikubali. Na mkisikia nyuma yenu sauti ikiita "Mzigo! Mzigo!", msisimame kugeuka kuangalia, pisheni upande mara moja. Mkokoteni hauna breki ila kipande cha tairi kilichofungwa nyuma, na mvutaji hukishindilia chini kwa kunyanyua mikono yake ya mbele. Ukiwa na mzigo wa vitambaa, kwenye mteremko wa maji machafu, husimama baada ya hatua kumi na mbili au kumi na tatu. Nilizihesabu mwenyewe.

Fomu yangu nimekwisha kuirekebisha ofisini.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu